Nataka kuwa kocha mkuu wa besiboli chuoni: njia ikoje?

SWALI: Shikamoo kocha. Nilizaliwa Kigoma, kambini Nyarugusu, tukahamia Texas nikiwa mtoto. Besiboli nimejifunzia huku, na sasa naichezea timu ya chuo cha miaka miwili, beisi ya pili. Najijua: mkono wangu si wa kulipwa, na hakuna skauti wa timu za kulipwa aliyewahi kuniuliza jina. Lakini mchezo huu naupenda kuliko kitu chochote, na nimeamua nitakuwa kocha mkuu wa timu ya chuo kikuu hapa Marekani. Mama anauliza hiyo ni kazi gani, na italipa kodi ya nyumba lini. Je, mtu ambaye hakuwa nyota anaweza kufika? Njia ikoje, na huchukua muda gani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na hilo la kutokuwa nyota, kwa sababu ndilo jepesi. Tim Corbin, aliyeipa Vanderbilt ubingwa wa taifa mwaka 2014 na tena 2019, alicheza Ohio Wesleyan, chuo kidogo cha Divisheni ya III, daraja ambalo halitoi hata senti moja ya ufadhili wa michezo. Tony Vitello, bingwa wa 2024 akiwa na Tennessee, aliingia kikosi cha Missouri kama mwanafunzi wa kujitafutia nafasi, hakuitwa na mtu. Skip Bertman, mwenye mataji 5 akiwa na LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, alitokea kufundisha timu ya sekondari ya Miami Beach. Wote watatu hawakuwahi kucheza Ligi Kuu ya Besiboli. Sababu yake haina ajabu. Kijana mwenye kipaji cha kulipwa huondoka chuoni akiwa na miaka 21 hivi, mara nyingi kabla hajamaliza shahada. Akirudi baadaye kutafuta kazi ya ukocha, anawakuta wenzake wa rika lake wana shahada ya uzamili na miaka kadhaa ya kazi mkononi. Kwa hiyo kazi hii imejaa watu ambao uchezaji wao uliishia pale unapoishia wa kwako.

Wapo waliokwenda kinyume. Tony Gwynn, aliyepiga mapigo halali 3,141 akiwa na San Diego Padres, alirudi San Diego State, chuo chake mwenyewe, akawa kocha mkuu tangu msimu wa 2003 hadi alipofariki Juni 2014. Lakini hata yeye hakuajiriwa akapande tu jukwaani apigiwe makofi. Alikaa chuoni akawalea vijana kama Stephen Strasburg, ambaye mwaka 2009 alichaguliwa wa kwanza nchi nzima kwenye drafti, zoezi la timu za kulipwa kuchagua vijana kwa zamu.

Sasa muda, jambo litakalomkera mama. Vitello alikuwa msaidizi Missouri, kisha Texas Christian (TCU), kisha Arkansas, na alipokabidhiwa Tennessee kuelekea msimu wa 2018 alikuwa na takriban miaka 15 ya kuwabebea wengine mizigo. Corbin alianza mapema kama kocha mkuu wa Presbyterian, chuo kidogo cha South Carolina, halafu akakubali kushuka cheo awe msaidizi Clemson kwa misimu 9 kabla Vanderbilt hawajamchukua. Hatua hiyo ya kushuka iangalie vizuri. Vijana wengi hung'ang'ania neno "mkuu" kwenye kadi yao ya biashara, wakabaki mahali ambapo hakuna anayewaona. Na yupo Wayne Graham, aliyeingia Rice kwa msimu wa 1992 akiwa anakaribia miaka 56, baada ya miaka mingi ya kufundisha sekondari za Houston na kisha San Jacinto, chuo cha miaka miwili kama chako. San Jacinto ndiko alikowapata Roger Clemens na Andy Pettitte. Rice aliipa ubingwa wa taifa mwaka 2003, taji la kwanza la taifa la chuo hicho katika mchezo wowote wa timu. Kwa hiyo jibu la muda gani ni hili: kama kila kitu kikienda sawa, miaka 10 hadi 15, na wapo wanaofika wakiwa na mvi.

Lakini swali hujauliza lile ambalo mimi ningelianza nalo: kazi yenyewe ni nini? Wewe unamwona kocha wako akitoa ishara pembeni ya beisi ya tatu, ukadhani ndiyo kazi. Hiyo ni sehemu ndogo sana. Kocha mkuu wa chuo ni msajili kwanza, mhasibu pili, na mwalimu wa besiboli nafasi ya tatu. Kwetu klabu ya mpira ina kamati ya usajili na tajiri anayeweka fedha, kocha akakabidhiwa mshambuliaji asiyemjua na kuambiwa ampange. Chuoni hakuna kamati. Kila aliyevaa jezi, kocha mkuu au msaidizi wake alikwenda kumtazama, akaongea na wazazi wake, akapanga atampa kiasi gani. Akikosea, anaishi na kosa hilo miaka minne.

Hilo la kiasi gani nitakaa nalo, maana ndipo makocha walipotofautiana. Kwa miaka mingi sheria ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliiruhusu timu ya besiboli ya Divisheni ya I kuwa na ufadhili kamili 11.7 tu. Si 11 na nusu, wala si 12, 11.7. Timu ina wachezaji 35. Baadaye ikaamriwa ufadhili huo usigawiwe zaidi ya watu 27, na kila mmoja apate angalau robo. Piga hesabu: wastani ni kama asilimia 43 ya gharama kwa kila mtu, na wengine 8 hawapati kitu. Kocha alikuwa kama mama mwenye sinia moja la pilau na wageni wamejaa hadi uani. Mrushaji mzuri anataka asilimia 80. Ukimpa, mdakaji anabaki na 25, na mama yake mdakaji anakupigia simu. Waliofanikiwa walikuwa mabingwa wa kuunganisha vyanzo: ruzuku ya serikali kwa familia zenye kipato kidogo, ufadhili wa kitaaluma kwa wenye alama nzuri, bahati nasibu za majimbo zinazolipia ada wanafunzi wa nyumbani. Vyuo binafsi vya ghali vilivyokuwa na mfuko mnono wa kusaidia wanafunzi vilipata mwanya ambao vyuo vingine havikuwa nao, na makocha wa vyuo vya umma walinung'unika kwa miaka.

Mambo hayo yamepinduliwa. Julai 2021 wachezaji waliruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Mwaka huohuo wakaruhusiwa kuhama chuo kwa mara ya kwanza bila kukaa nje msimu, na orodha ya kielektroniki ya wanaotaka kuhama, iliyokuwapo tangu Oktoba 2018, ikageuka dirisha la usajili lisilo na huruma. Juni 2025 mahakama ya shirikisho huko California ikaidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kikomo cha 11.7 kikaondoka kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano hayo. Badala yake kikosi kisizidi wachezaji 34, na wote 34 wanaweza kupewa ufadhili kamili kama chuo kina fedha. Hapo ndipo penye shida. Chuo tajiri kinaweza. Chuo kilichokuwa kikisumbuka kujaza hata 11.7 kimebaki palepale huku jirani akikimbia. Usikubali kazi yoyote ya kocha mkuu kabla hujauliza chuo kinatoa ufadhili kiasi gani kwa besiboli, na nani anaamua. Ukijibiwa kwa maneno matamu bila tarakimu, umeshajibiwa.

Mfano wa usajili ulivyo siku hizi ni LSU ya 2023. Jay Johnson alikuwa na msimu wake wa pili tu pale. Dylan Crews, mpigaji wake bora, alikuwa amesajiliwa na kocha aliyemtangulia, na alijiondoa mwenyewe kwenye drafti ya 2020 ili aende chuoni. Paul Skenes alihamia kutoka chuo cha Jeshi la Anga baada ya miaka miwili, kabla sheria ya utumishi wa jeshi haijamfunga. Tommy White alihamia kutoka NC State. Skenes akawatoa wapigaji 209 kwa kuwakosesha mpira mara tatu (strikeout) msimu mmoja. White akapiga pigo la kumaliza mchezo katika awamu ya 11 dhidi ya Wake Forest. Na kwenye fainali na Florida, baada ya kufungwa 24-4 mechi ya pili, LSU wakashinda ya tatu 18-4. Wiki chache baadaye Skenes na Crews wakachaguliwa wa kwanza na wa pili kwenye drafti, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa wachezaji wa timu moja. Urithi wa mwenzake, wahamiaji wawili, na akili ya kuwaunganisha: huyo ndiye kocha mkuu wa sasa.

Drafti nayo ujue inavyokutesa. Kijana anaweza kuchaguliwa anapomaliza sekondari, au akiwa mwaka wa tatu chuoni au ametimiza miaka 21. Wa vyuo vya miaka miwili wanaweza kuchaguliwa wakati wowote. Tangu 2021 inafanyika Julai, na ina raundi 20. Sasa fikiria: umemfuatilia kijana tangu akiwa sekondari, amesaini kuja kwako, umepanga kikosi ukimhesabu. Julai timu ya kulipwa inamwekea milioni mbili mezani. Unampongeza, unakata simu, unaanza kutafuta mwingine huku mwezi mmoja tu umebaki masomo yaanze. Wasajili wazuri hawachukui wachezaji bora tu; huchukua wale wanaowahisi watakuja kweli. Wanajua baba ana msimamo gani kuhusu shule, mama anasema nini, na mtoto anadai kiasi gani ili aache chuo. Hisia hiyo haifundishwi darasani, inatokana na kukaa sebuleni kwa watu.

Mwaka wenyewe unakwenda hivi. Agosti vijana wanarudi, mazoezi ya vuli yanaanza. Baridi ni ya kunyanyua vyuma na kurekebisha mikono. Katikati ya Februari msimu unafunguliwa: mechi 56, kwa kawaida tatu mwisho wa wiki na moja katikati. Sheria inakubana usimtumikishe mchezaji zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa msimu. Mwisho wa Mei timu 64 zinaingia mchujo katika vituo 16, zinabaki 16, kisha 8, na hizo 8 zinakwenda Omaha, Nebraska, ambako fainali za vyuo zimechezwa tangu 1950. Juni na Julai, usajili tena na kambi za watoto. Likizo ni wazo zuri.

Kwenye vyuo vidogo ongeza kukata nyasi, kusawazisha udongo, kufunika uwanja mvua ikinyesha, na wakati mwingine kuendesha basi dogo la timu. Nimefanya kazi kwenye madaraja hayo ya chini na sioni aibu kusema ndiyo shule niliyoipenda zaidi. Ukishakunja turubai saa tano usiku na wachezaji wako, hawana tena sababu ya kukudanganya.

Madaraja yako hivi, kwa ufupi. Divisheni ya I ina takriban timu 300, na ndiyo unayoiona kwenye televisheni. Divisheni ya II ina ufadhili kidogo. Divisheni ya III haina wa michezo kabisa, lakini ina vyuo vingi na kocha mara nyingi hupewa kazi nyingine juu yake, kama kufundisha somo au kusimamia ukumbi wa mazoezi. NAIA ni shirika jingine lenye vyuo vidogo. Kisha vyuo vya miaka miwili, ulipo wewe. Watu huvidharau. Graham hakuvidharau.

Sasa ngazi. Ukimaliza kucheza unaweza kubaki kama msaidizi mwanafunzi ukiwa bado unasoma. Kisha msaidizi wa uzamili: chuo kinakulipia shahada ya pili na posho ndogo, wewe unawapa mchana na usiku wako. Kisha msaidizi wa kulipwa. Zamani katikati hapo palikuwa na shimo lililowameza wengi. Divisheni ya I iliruhusu wasaidizi wawili wa kulipwa na mmoja "wa kujitolea", ambaye alifanya kazi ileile, saa zilezile, bila mshahara. Aliishi kwa fedha za kambi za watoto za kiangazi na kwa kufundisha mtu mmoja mmoja jioni. Aliyekuwa na wazazi wenye uwezo alistahimili, mtoto wa familia kama yako alirudi nyumbani kutafuta kazi. Naamini hilo lilipunguza makocha wenye asili yetu kuliko ubaguzi wa wazi wowote, ingawa na ubaguzi ulikuwapo. Makocha wa zamani wa kujitolea walikwenda mahakamani, na tangu Julai 2023 nafasi hiyo imefutwa. Badala yake wakaruhusiwa wasaidizi watatu wa kulipwa. Umeingia kwenye kazi hii wakati mzuri zaidi kuliko waliokutangulia kwa miaka michache tu.

Kwa kuwa nimeligusa hilo, nilimalize. Makocha wakuu Weusi katika Divisheni ya I nje ya vyuo vya kihistoria vya Weusi, yaani vilivyoanzishwa kwa ajili yao enzi za ubaguzi, ni wachache mno. Ndani ya vyuo hivyo kuna mtu ambaye kila kijana anayeanza anapaswa kumjua: Roger Cador, aliyeiongoza Southern University ya Baton Rouge tangu 1985 hadi 2017. Mwaka 1987 timu yake iliifunga Cal State Fullerton 1-0, ushindi wa kwanza wa chuo cha kihistoria cha Weusi katika mchujo wa NCAA wa besiboli. Fullerton hiyo ilikuwa ya Augie Garrido, ambaye wakati huo alikuwa tayari na mataji mawili. Baadaye Cador akamlea Rickie Weeks, kijana ambaye vyuo vikubwa havikumgombania, akachaguliwa wa pili nchi nzima kwenye drafti ya 2003. Cador alikuwa na bajeti ndogo na jicho kali. Hiyo ndiyo aina ya usajili utakayoifanya wewe miaka yako ya kwanza, popote utakapokuwa: kumwona yule ambaye matajiri wamempita.

Unaweza kuniuliza kama Kiswahili chako kitakusaidia. Kwa sasa, kidogo sana. Uganda imepiga hatua: vijana wa Lugazi walifika fainali za dunia za watoto huko Williamsport mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, na miaka ya karibuni klabu za Ligi Kuu zimeanza kuwasaini Waganda. Tanzania nako mashindano ya mashuleni yameanzishwa kwa msaada wa Wajapani. Ni mwanzo mzuri, lakini hakuna mkurugenzi wa michezo atakayekuajiri kwa ajili hiyo. Kihispania ndicho kitakachokuajiri. Vyuo vya miaka miwili vimejaa vijana wa Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na msaidizi anayeweza kuongea na mama wa mrushaji kwa lugha yake anapata nafasi mbele ya mwenye vyeti vingi. Kiingereza umeshajifunza. Lugha ya tatu haitakushinda.

Jambo ninalotaka ulibebe kuliko mengine ni kuchagua unayemfanyia kazi. Kazi za ukocha wa chuo hazipatikani sana kwa kutuma barua. Zinapatikana kwa simu. Mkurugenzi wa michezo akitafuta kocha, anawapigia makocha wakubwa watatu anaowaamini, anawauliza nani yuko tayari. Jina lako likitajwa na wawili, umepata usaili. Bertman alipata LSU akitokea kuwa msaidizi wa Ron Fraser pale Miami, na kwa Fraser alijifunza mambo ambayo hayako kwenye kitabu cha mbinu. Fraser aliikuta timu haina fedha, akawa mtu wa kuuza. Mwaka 1977 aliandaa karamu ya matajiri katikati ya uwanja wa kuchezea, sahani moja dola 5,000. Bertman alipofika Baton Rouge kwa msimu wa 1984 hakukuta mashabiki wa kujivunia. Akaanza kuwatafuta, akauza tiketi za msimu, akazungumza kwenye kila chakula cha mchana alichoalikwa. Alipostaafu ukocha 2001 alikuwa na mataji ya 1991, 1993, 1996, 1997 na 2000, na LSU ndiyo iliyokuwa ikiongoza nchi kwa watazamaji. Chuo kikampa ukurugenzi wa michezo. Hiyo yote ilianzia kwenye kuchagua bosi mzuri.

Mkutano wa mwaka wa chama cha makocha wa besiboli, ABCA, hufanyika kila Januari. Kuna mihadhara, na ni mizuri. Lakini biashara ya kweli inafanyika ukumbini nje na kwenye korido za hoteli, watu wamesimama na kahawa wakiulizana nani anahama. Nenda hata kama utalala wanne chumba kimoja. Usiende na wasifu mkononi kama mgombea ubunge. Keti mihadhara ya wadakaji na warushaji, kwa sababu wewe ni mchezaji wa beisi ya pili na beisi ya pili si nafasi inayomwajiri mtu. Makocha wakuu wanatafuta anayejua kuwatunza warushaji, au anayejua kusajili.

Utakapofika juu, kama utafika, usitegemee utulivu. Jim Schlossnagle aliiongoza Texas A&M hadi fainali ya Omaha Juni 2024, wakafungwa na Tennessee, na siku iliyofuata alikuwa amekwenda Texas, mahasimu wakubwa wa chuo alichotoka. Brian O'Connor alikaa Virginia tangu 2004, akawapa ubingwa wa 2015, na mwaka 2025 akahamia Mississippi State. Vitello mwenyewe mwezi Oktoba 2025 aliajiriwa na San Francisco Giants kuwa meneja, akawa wa kwanza kutoka chuoni moja kwa moja kwenda kuongoza timu ya Ligi Kuu bila kuwahi kucheza wala kufundisha besiboli ya kulipwa. Pat Murphy, aliyekuwa Notre Dame na Arizona State, alipitia njia ndefu zaidi hadi kuwa meneja wa Milwaukee Brewers. Milango inafunguka kuliko zamani, na pande zote mbili: watu wanatimuliwa haraka pia.

Fedha. Makocha wa juu kabisa, hasa wa ligi ya SEC ya kusini-mashariki, wanapata zaidi ya dola milioni 2 kwa mwaka. Usimwambie mama habari hiyo peke yake. Wengi wa wanaofanya kazi hii wanalipwa kama walimu wa kawaida, na wasaidizi wa vyuo vidogo chini ya hapo. Rod Dedeaux wa USC, chuo cha Los Angeles, mwenye mataji 11, alipokea mshahara wa dola 1 kwa mwaka kwa sababu alikuwa na kampuni yake ya malori iliyomlipa vizuri. Wewe huna malori.

Na kuhusu kipimo cha kazi hii, kuna watu wawili ninaowaweka pamoja kila nikiulizwa. Garrido alishinda mechi 1,975 na mataji 5, matatu akiwa Fullerton na mawili akiwa Texas. Mike Martin wa Florida State alifundisha chuo kimoja misimu 40, tangu 1980 hadi 2019, akashinda mechi 2,029, nyingi kuliko kocha yeyote kabla yake, akaingia mchujo wa taifa kila mwaka katika hiyo 40, akafika Omaha mara 17. Ubingwa hakupata hata mmoja. Kila Juni aliulizwa swali hilohilo na waandishi, na kila Agosti alirudi uwanjani. Mimi ningemwajiri yeyote kati ya wawili hao bila kufikiri mara mbili. Kama jibu lako ni kwamba usingestahimili maisha ya Martin, heri ulijue sasa, maana makocha walio wengi watapata hata chini ya hayo.

Mwaka huu fanya haya. Mwombe kocha wako akuachie chati za warushaji wakati hupangwi, na ujifunze vifaa vya kupima mpira vya Rapsodo au TrackMan kama chuo chenu kinavyo. Msaidizi anayesoma takwimu na kuzieleza kwa lugha ya mchezaji anatafutwa. Hamia chuo cha miaka minne ambako kocha atakuahidi, kwa maandishi, kukubakiza kama msaidizi mwanafunzi uchezaji ukiisha, hata kama utacheza kidogo. Kiangazi tafuta kazi yoyote kwenye ligi za wanachuo, iwe Northwoods au ndogo zaidi, hata ya kurusha mipira ya mazoezi. Linda alama zako za darasani. Vyuo vinapimwa kwa maendeleo ya masomo ya wachezaji, timu ikishuka chini ya alama 930 kati ya 1,000 inaadhibiwa, na kocha aliyekuwa mwanafunzi mzembe hana la kumwambia mtu.

Mama mwambie hivi: miaka mitatu au minne ya mwanzo kodi haitalipwa na besiboli. Kwa hiyo unapotafuta nafasi ya msaidizi wa uzamili, chagua chuo kinachotoa chumba na chakula pamoja na ada, hata kama jina lake halijulikani, na usome uzamili wa fani inayoajiri, ualimu au utawala, ili siku ukichoka kungoja simu uwe na darasa la kuingia Jumatatu.